Efraim Miteq Odaq: Miaka Saba ya Kuitwa Mwoga wa Maji

Wapendwa waombolezaji, mliokaa ndani ya kanisa na mliosimama nje kwa kukosa nafasi, marehemu babu yetu aliacha maagizo mawili kuhusu wasifu huu. La kwanza, usiwe mrefu kuliko mahubiri. La pili, sehemu ya ugonjwa isomwe yote, hata kama kuna atakayeinamisha kichwa. La kwanza huenda likatushinda. La pili tutalitimiza.

Alitaka ijulikane, kabla mawe hayajapangwa juu yake, kwamba aliacha kuwinda kwa kayaki, mtumbwi wetu mwembamba, kwa sababu ya maradhi na si kwa sababu ya woga. Mnajua kwa nini jambo hilo lilimkosesha raha. Mtu akifa hapa kwetu, jina lake hubaki likimsubiri mtoto atakayezaliwa, na pamoja na jina huja tabia zake, nguvu zake na udhaifu wake. Hakuna mama anayetamani kumpa mwanawe jina la mwindaji aliyeyakimbia maji. Marehemu alihofia kwamba jina lake lingekosa nyumba ya kuingia.

Efraim Miteq Odaq alizaliwa tarehe 21 Februari 1948 huko Uummannaq, wiki ile ile jua liliporudi baada ya miezi ya giza la baridi. Alikuwa mtoto wa tatu wa mwindaji Kale Odaq na mkewe Sofie. Alipewa jina la Miteq, kaka mkubwa wa mama yake, aliyezama na kayaki yake mwezi Septemba 1947 na mwili wake haukuonekana tena. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mama yake alimwita "kaka", na hakuwahi kumgombeza, maana nani anamgombeza kaka yake mkubwa? Akiwa na miaka minne alipindua taa ya mafuta ya sili, mnyama wetu wa baharini, juu ya ngozi iliyokuwa ikikaushwa. Baba yake akanyanyua mkono. Mama akasimama katikati.

"Unataka kumpiga shemeji yako?"

Baba akashusha mkono, akatoka nje kwenda kuwafokea mbwa.

Mwezi Mei 1953 familia hiyo, pamoja na majirani zao wote wa Uummannaq, ililazimika kuhama ndani ya siku chache kupisha kambi ya ndege za kivita. Walikwenda kaskazini kwa sleji, magari ya theluji yanayovutwa na mbwa. Marehemu alikuwa na miaka mitano, na alichokumbuka ni kimoja tu: bibi yake aliufunga vizuri mlango wa nyumba, kisha akaufungua, kisha akaufunga tena. Mwaka uliofuata Kale Odaq alijenga hapa Qinngorsuaq, na hapa ndipo marehemu alipoishi miaka yake yote iliyobaki.

Alisoma katika shule ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1955 hadi 1962, chini ya Katekista Enok, katika chumba kilichokuwa darasa siku za kazi na kanisa siku ya Jumapili. Alipenda hesabu, akachukia ramani. Vitabu vilitoka Denmark, na siku moja watoto waliagizwa waandike insha juu ya safari ya treni. Hakuna aliyewahi kuona treni. Marehemu aliandika kwamba treni yao ilivutwa na mbwa mia mbili, na kwamba ilichelewa kufika kwa sababu kuwalisha tu kulichukua siku mbili. Katekista alimpa alama zote, akaibandika insha hiyo ukutani. Iliandikwa kwa mwandiko mkubwa wa mviringo, kama mayai yaliyopangwa. Mwandiko huo nitautaja tena.

Aliacha shule akiwa na miaka kumi na minne, akaanza kazi ambayo hakuwahi kuita kazi. Kayaki yake ya kwanza aliiunda mwenyewe mwaka 1966, kwa vipimo vya mwili wake: urefu wa mikono iliyonyooshwa mara tatu, upana wa nyonga na vidole viwili. Tarehe 11 Agosti 1967 alimpiga nyangumi wa pembe wake wa kwanza. Hapa kwetu nyangumi huyo hapigwi risasi mpaka kwanza achomwe chusa lenye boya na mtu aliye ndani ya kayaki, kwa sababu akipigwa risasi kabla huzama na kupotea, na nyama inayopotea ni aibu ya kijiji kizima. Mwenye chusa humsogelea kutoka nyuma, mahali ambapo jicho la mnyama halifiki, akipiga kasia bila kutoa sauti ya hata tone. Akiitikisa kayaki kidogo tu, kundi zima limeondoka.

Kwa miaka thelathini na saba marehemu aliwinda na Mzee Sakeus Imina, aliye nasi hapa, benchi la pili. Walikuwa wa rika moja. Walitaniana kiasi kwamba wageni walidhani wana ugomvi.

"Miteq, unapiga kasia kama unakoroga supu."

"Afadhali mimi nakoroga. Wewe supu yako imeungua."

Katika miaka hiyo marehemu alichoma chusa nyangumi wa pembe hamsini na wanane. Kila mara kipande cha kwanza cha ngozi na mafuta alikipeleka kwa wajane kabla hajapeleka kwake.

Tarehe 10 Julai 1971 alifunga ndoa na Tukummeq, binti wa mshonaji, katika kanisa hili. Uchumba wao ulikaribia kuvunjika kwa sababu ya viatu. Tukummeq alimshonea viatu vya ngozi ya sili bila kumpima, kwa kukisia tu, navyo vikawa vidogo. Marehemu hakusema neno. Alivivaa majira yote ya baridi, akichechemea, hadi kucha mbili zikang'oka. Tukummeq, ndiye Bibi yetu, alipogundua alilia kwa hasira.

"Kwa nini hukuniambia, wewe mtu?"

"Ulikuwa umeshamaliza kushona."

Ndivyo alivyokuwa. Maumivu aliyaficha ili asimsumbue mtu, na tabia hiyo ilikuja kumgharimu. Walijaliwa watoto watatu: Hosias, Bibiane na Ane. Ane alifariki kwa surua mwaka 1979 akiwa na miezi minane, na jina lake likaingia nyumba ya jirani mwaka huo huo.

Sasa nafika kwenye ugonjwa.

Ulianza kabla mtu yeyote hajautambua. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka 2001, ulipofunguliwa mfuko wa ngozi ya sili wenye ndege waliochachuka tangu kiangazi, kitoweo chetu cha sikukuu, nyumba nzima iliziba pua kwa furaha. Marehemu peke yake hakuziba. Alisema hasikii harufu yoyote. Watu walicheka mpaka machozi. Mwaka uliofuata, mwandiko wake katika daftari la mawindo ulianza kuwa mdogo, ukapungua kila mwezi, mpaka mwishoni mwa ukurasa herufi zikawa kama nyayo za ndege mdogo sana. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kikaanza kujizungusha chenyewe juu ya kidole cha shahada, kama anavyofanya mshonaji anapokunja uzi wa mshipa wa mnyama. Bibi alimtania kwamba anataka kumnyang'anya kazi.

Kisha ikaja tarehe 19 Agosti 2003. Bahari ilikuwa tulivu kama maji ndani ya bakuli, na jua lilikuwa usoni. Kundi la nyangumi saba lilipita mbele ya mdomo wa ghuba. Marehemu alitangulia, Mzee Sakeus akafuata hatua chache nyuma. Nyangumi mmoja akapanda kupumua mahali ambapo hata mwanafunzi asingemkosa. Marehemu alishika chusa. Mkono haukupanda. Alikaa hivyo, chusa likiwa kwenye paja, kasia likitetemeka mpaka maji yakafanya viduara kuizunguka kayaki. Nyangumi akapita chini yake. Kundi likaondoka, na mwaka huo halikurudi.

Sote tunajua woga wa kayaki ni nini. Huja siku ya bahari tulivu, jua likiwa mbele, mtu akiwa amekaa bila kusogea. Ghafla huona kayaki inajaa, huona ncha yake inarefuka, mwili hupoa na mikono hufa. Humpata hata mwindaji hodari, na aliyepatwa mara nyingi harudi tena majini. Kwa hiyo Mzee Sakeus alipoona alichokiona, alikiita kwa jina alilolijua. Jioni ile watu walipokusanyika ufukweni bila nyama, walimuuliza kilichotokea, naye akajibu mbele ya wote:

"Miteq wa kwanza amemvuta. Yule aliyezama. Amemshika mkono."

Maelezo hayo yalikubalika haraka, kwa sababu yalikaa sawasawa. Miteq wa kwanza alikufa majini, na huyu alichukua jina lake. Nani angeshangaa kwamba jina linayaogopa maji? Kosa hili halikuwa la ukatili. Lilikuwa kosa la watu wanaoamini majina. Hata marehemu mwenyewe aliliamini. Bibi alipomsihi aende kwa nesi, alikataa.

"Nikamwambie nini? Nesi, nisaidie, naogopa maji? Ana kidonge cha hilo?"

"Mwambie mkono unacheza."

"Unacheza kwa sababu naogopa."

"Hata ukiwa umelala?"

Hakwenda kwa nesi. Mwaka 2004 alimpa Hosias kayaki yake, akabaki kuvua samaki wa kina kirefu kupitia matundu ya barafu. Miguu yake ilianza kuburura. Uso wake ukakauka, misuli ikakataa kutabasamu, na watu wakasema amekuwa na kiburi, hataki tena utani. Utani wenyewe ulikuwa huu. Akiingia dukani, kuna waliomsalimia, "Habari za nchi kavu, Miteq?" Vijana waliojifunza kupiga kasia mikononi mwake walikuwa miongoni mwao. Alijibu, "Nchi kavu haijambo," akachukua sukari yake, akaondoka kwa hatua fupi fupi, na mlango ukafungwa nyuma yake kabla kicheko hakijaisha. Hali hiyo ilidumu miaka saba.

Mwezi Julai 2010 alifika daktari wa mishipa ya fahamu kwa boti, pamoja na Nesi Bolethe aliyekuwa mkalimani. Daktari alikuwa akizunguka vijiji vya wilaya yetu, ambayo yote ina watu wapatao mia nane, akiwatafuta wanaotetemeka. Alikaa shuleni siku tatu. Siku mbili za kwanza hakuja mtu, kwa sababu wazee walikumbuka enzi za meli zilizowachukua wenye kifua kikuu, na wengine hawakurudi. Marehemu naye hakwenda. Alisema yeye si mgonjwa. Siku ya tatu Bibi Tukummeq alikwenda peke yake, akamwambia daktari kwamba mume wake ana woga wa kayaki, na kwamba woga huo humfuata mpaka kitandani. Daktari aliomba arudiwe maneno hayo. Kisha akachukua mkoba wake, akaenda nyumbani kwao kwa miguu.

Hakumuuliza lolote juu ya maji. Alimwomba agonge kidole gumba na cha shahada haraka haraka. Alimwomba atembee mpaka mlangoni na kurudi. Alimwinua mkono na kuukunja taratibu, nao ukawa unakwama na kuachia njiani kama gurudumu lenye meno. Akampa karatasi aandike sentensi moja. Marehemu aliandika jina lake mara tatu, na la tatu halikusomeka.

"Mzee," alisema daktari, na Nesi Bolethe akatafsiri, "huu si woga. Ni ugonjwa wa Parkinson. Kuna sehemu ya ubongo inayoagiza mwili usogee, na hiyo inakufa kidogo kidogo. Umekuwa nao kwa karibu miaka tisa."

Marehemu aliutazama mkono wake wa kulia.

"Siku ile mkono ulipokataa, ulikuwa ni huo?"

"Ulikuwa ni huo."

"Andika," alisema. "Bolethe, mwambie aandike. Aandike si woga. Kwa herufi kubwa, hata asiye na miwani aone."

Daktari aliandika. Kisha marehemu akauliza swali ambalo huenda ndilo lililomleta daktari huku kwetu tangu mwanzo: wako wangapi kama yeye? Daktari alieleza kwamba katika watu mia nane, kwa hesabu ya nchi nyingi, angetarajia kumpata mgonjwa mmoja, au pengine wawili. Katika wilaya yetu alikuwa ameshawapata watatu, na marehemu alikuwa wa nne. Alikiri kwamba idadi ndogo kama hiyo inaweza kupotosha. Lakini aliongeza kwamba hata katika sehemu nyingine za nchi yetu, waliohesabu kwa makini waliona ugonjwa huu umewapata Inuit wengi kuliko ilivyotazamiwa.

"Kwa nini sisi?"

Daktari alisema hajui, na naomba mzingatie kwamba alisema hivyo. Alieleza kwamba sumu za viwanda vya mbali husafiri na upepo na mikondo ya bahari mpaka huku, zikajikusanya katika mafuta ya wanyama wakubwa tunaowala, na kwamba wapo wanaochunguza kama zinahusika. Wapo pia wanaochunguza damu na ukoo. Hakuna aliyeweza kumwambia mtu mmoja, huyu Miteq, kilichomfanya augue hasa. Alimshauri apunguze mafuta ya nyangumi.

"Maji nimeshaacha," alisema marehemu. "Nyama nayo niiache? Sasa nitakuwa nani? Mdenmark?"

Siku iliyofuata alianza kupita nyumba kwa nyumba na karatasi ile. Nyumba ishirini na moja zilimchukua siku nne kwa hatua zile. Wengi waliisoma, wakamshika bega, wakamwekea kahawa. Wapo waliolia. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mzee Sakeus. Mzee Sakeus hakuipokea karatasi.

"Mimi nilikuwepo, Miteq. Huyo daktari alikuwa wapi? Alikuwa kwenye kayaki gani?"

"Soma tu, mwenzangu."

"Karatasi ya watu wa mjini. Wakikosa dawa ya jambo wanalibandika jina la Kizungu."

Marehemu alikunja karatasi, akarudi nyumbani. Tangu siku hiyo hawakusemezana kwa miaka minane na nusu, katika kijiji chenye nyumba ishirini na moja.

Dawa zilimsaidia. Kwa miaka kama sita aliweza kufunga vifungo vyake, kuvua samaki, na hata kucheka, ingawa kicheko kilikuwa cha mabega tu, uso ukiwa umekauka. Lakini hesabu ile ya daktari ilikuwa na upande mwingine, na marehemu ndiye aliyeuona mapema kuliko sisi tuliosoma. Zamani kila mwenye kutetemeka alikuwa peke yake na sababu yake. Sasa watu walijua kwamba wako wengi, na walio wengi huogopwa. Mwaka 2014 alifariki Bi Maren wa kijiji jirani, mmoja wa wale wanne. Watoto sita walizaliwa wilayani katika mwaka uliofuata, na hakuna aliyepewa jina lake. Mama mmoja alisema waziwazi kwamba hataki mtetemeko ndani ya nyumba yake. Ilichukua miaka miwili jina la Maren lipate mtoto.

Marehemu alilifuatilia jambo hilo kwa karibu kuliko habari za redio. Kila akisikia mtoto amezaliwa aliuliza, "Wamempa Maren?" Akiambiwa hapana, aligeukia dirishani.

"Mimi nimekwisha kabisa," alimwambia Bibi siku moja. "Kabla ya daktari jina langu lilikuwa la mwoga. Baada ya daktari ni la mgonjwa. Lipi litaombwa?"

Kuanzia mwaka 2016 alianza kuanguka. Mwezi Septemba mwaka huo alipelekwa Nuuk kurekebishiwa dawa, akakaa wiki tano. Madaktari walimhudumia vizuri, ila alisema kitanda kilitazama ukuta wa saruji na samaki walikuwa wa kwenye boksi. Alirudi akiwa amepungua kilo tisa. Mwaka 2018 sauti yake ilikuwa ya kunong'ona tu, na alianza kuona watu wasiokuwepo. Mara nyingi alimwona mtu ameketi miguuni pa kitanda, nguo zikichuruzika maji. Hakumwogopa. Alimwambia Bibi ampe taulo.

Majira ya baridi yaliyopita koo lilianza kukataa chakula. Bibi alimkatia nyama vipande vidogo kama kucha, kisha akamtafunia, kisha akampondea na mchuzi. Hakuna aliyemlaza kitandani, kumgeuza na kumwosha isipokuwa yeye na Bibiane, na familia inataka hilo litajwe hapa, kwa sababu ugonjwa huu huhesabiwa kwa wagonjwa na hauhesabiwi kwa wanaowauguza.

Tarehe 26 Machi, saa nne asubuhi, Mzee Sakeus alibisha mlango. Yatakayofuata ameniruhusu niyasome, nilimwendea juzi kumwomba, naye akasema, "Soma. Mimi nilisemea ufukweni, wewe semea kanisani." Alikuja na ini la sili, bichi, bado lina joto. Aliketi kando ya kitanda, akatoa kisu, akaanza kumkatia vipande. Kisu kilikuwa kikigonga sahani, tik tik tik, bila kukoma. Marehemu alikitazama kisu, kisha akautazama mkono.

"Tangu lini?" alinong'ona.

"Tangu majira ya baridi ya mwaka juzi."

"Nani anajua?"

"Nimwambie nani? Maneno yote nilishayamaliza juu yako."

Mabega ya marehemu yalianza kutikisika. Bibi alidhani amepaliwa, akakimbilia maji. Hakuwa amepaliwa. Alikuwa anacheka.

"Habari za nchi kavu, Sakeus?"

Mzee Sakeus aliweka kisu chini. Alificha uso katika mikono yake, na mikono ikautikisa uso.

"Nenda kwa Bolethe," alisema marehemu. "Nenda leo. Dawa inasaidia. Usikae miaka saba kama mimi."

Walikula lile ini wawili, taratibu sana, mmoja hawezi kukata na mwingine hawezi kumeza. Hivyo wale wanne wa daktari walikuwa wameshazidi wanne, na hatujui ni wangapi wengine wanaokalia mikono yao kuficha mtetemeko wakati ninaposoma haya. Kliniki iko wazi Jumanne na Ijumaa.

Marehemu alipatwa na homa ya mapafu tarehe 30 Machi. Alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 2 Aprili 2019, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, mwezi mmoja na siku kumi na mbili. Mkono wake wa kulia ulikuwa katika mkono wa Bibi. Bibi anasema ulitulia kabla ya pumzi, na kwamba alikaa akiutazama, kwa sababu alikuwa hajauona umetulia kwa muda mrefu mno.

Tarehe 7 Aprili, katika hospitali ya Qaanaaq, Else, mjukuu wa Mzee Sakeus, alijifungua mtoto wa kiume. Alirudi kwa helikopta tarehe 11. Jana asubuhi Mzee Sakeus alimleta Else na mtoto nyumbani kwa marehemu, na mbele ya Bibi, Bibiane na mimi, alimwomba Bibi jina. Else hakuwa ameridhia. Alikuwa anamkumbatia mtoto kama mtu aliyetahadharishwa juu ya mwizi.

"Sikatai kwa dharau, bibi," alisema. "Babu anataka kulipa deni lake, naelewa. Lakini huyu ni wangu. Na kama mkono ukija na jina?"

Mzee Sakeus alifungua mdomo. Bibi akamnyamazisha kwa kumtazama tu.

"Sijui, mwanangu," alisema Bibi. "Daktari hajui, nami sijui. Siwezi kukudanganya na mume wangu hajazikwa. Lakini ulipofika jana ulikula nini?"

"Ngozi ya nyangumi. Mama aliniwekea."

"Na huyu unamnyonyesha?"

"Namnyonyesha."

"Basi. Umwite Miteq, umwite Hans, anakula tulichokula sisi sote. Hilo la mkono siwezi kumkinga nalo, na wewe huwezi. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mwenye jina hili hakukimbia."

Else alimfunika mtoto vizuri zaidi. Mtoto akaanza kulia. Bibi hakumgusa mtoto, wala hakumwomba Else. Baada ya muda Else alisimama, akavuka chumba, akamweka mtoto mapajani mwa Bibi. Alikuwa analia.

"Haya, Miteq," alisema. "Nenda kwa mkeo."

Marehemu ameacha mjane, Tukummeq, watoto wawili, Hosias na Bibiane, wajukuu watano, Kale, Sofie, Inuteq, Ane, na Natuk anayewasomea, vitukuu wawili, dada mmoja, Bi Eleonora wa Siorapaluk, na mwenzake wa mawindo, Sakeus Imina, ambaye jana jioni alimpakata mtoto mchanga na kumwomba radhi, akimwita mwenzangu.

Pia ameacha Miteq, mwenye umri wa siku sita.

Mzee wetu apumzike sasa, mahali ambapo mkono haumsumbui.